Kielelezo Namba Arobaini na Moja

Bisibisi iliingia kwenye chuma bila kusukumwa. Ignatius Musonye alikuwa amelala chali chini ya pikapu yake, mgongo kwenye tope la yadi ya kituo cha polisi, na nia yake ilikuwa kugusa tu, aone hali. Lakini ncha ilizama kama kidole kwenye obusuma, ugali wa moto, ikatokea upande wa pili, na unga mwekundu ukammwagikia machoni.

"Weldon!" aliita huku akitema kutu. "Njoo uone ushenzi huu."

Weldon, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuja naye kutoka mjini, alijipenyeza upande wa pili na nyundo yake ndogo. Aligonga ile chesisi, uti wa mgongo wa gari, mahali ambapo bodi ya nyuma hukutana na kichwa. Chuma kizima ukikigonga kinalia ngii. Hiki kilisema pu. Akasogea shubiri moja, akagonga tena. Pu. Alikwenda hivyo mpaka kwenye springi za nyuma, na chuma kikawa kinamjibu neno lilelile.

"Mzee," alisema mwishowe, "hii si kutu ya mvua. Mvua inakulanga pole pole. Hii ni mbolea."

Ignatius alijua. Mkulima gani hajui? Mbolea ukiisahau kwenye beleshi, msimu ujao unabaki na mpini. Na hawa polisi walikuwa wameyapanga magunia ya mbolea ya ruzuku mgongoni mwa pikapu yake, mbolea waliyomnyang'anya mfanyabiashara mmoja, kwa sababu stoo ya vielelezo ilikuwa imejaa. Mvua ya Kakamega hainyeshi kwa kubahatisha. Ikifika saa tisa iko mlangoni. Kila jioni, kwa miaka mitatu, maji ya chumvi ya mbolea yalidondoka kwenye chesisi. Magunia mazima yaliondoka yenyewe, tena wakati wa kupanda, na hakuna aliyeuliza yalikwenda shamba la nani. Yaliyobaki ni yale yaliyopasuka. Kielelezo kilikuwa kimekula kielelezo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Ignatius kilivaa nguo za serikali.

Alikuwa dereva wa ofisi za serikali kwa miaka ishirini na saba, hajawahi kugonga hata kuku. Alipostaafu alinunua pikapu hii ikiwa tayari kuukuu, ya bluu, akaiandika JASHO LANGU kwenye ubao wa nyuma, na akaanza kazi. Ilibeba ndizi za Shinyalu mpaka soko la mjini. Ilibeba mahindi, ilibeba wagonjwa, ilibeba majeneza. Nusu ya marehemu wa kata yake walirudi nyumbani kwa pikapu ile, na Ignatius aliwaendesha taratibu kuliko alivyowaendesha walio hai.

Kisha siku moja ya Jumanne alikuja Mike, mpwa wa diwani, akamkodi kubeba mbao. Ignatius aliuliza kama zina kibali. Mike alicheka, akapiga mfuko wa shati, akasema kibali kiko hapa, mzee, twende. Kwenye kizuizi cha polisi ikaonekana kwamba mfukoni mlikuwa na simu tu. Mike aliitoa, akapiga, akaongea kidogo pembeni, halafu akapanda bodaboda akaenda zake. Pikapu ikabaki, na mbao zake, na mwenyewe ameshika usukani.

"Usiogope, mzee," askari walimwambia vizuri kabisa siku ile. "Wewe si mshtakiwa. Wewe ni shahidi. Na hii gari ni kielelezo. Kesi ikiisha, unachukua."

Askari akaleta mkebe wa rangi nyeupe, akaandika mlangoni EXH 41. Maana yake kielelezo namba arobaini na moja.

Kesi! Mara hakimu yuko likizo. Mara hakimu amehamishwa. Mara faili imepotea, mara imeonekana lakini Mike ni mgonjwa, ana barua ya daktari. Ignatius alivaa koti lake la mazishi akaenda mahakamani mara kumi na nne. Mwezi uliopita hakimu mpya aliuliza zile mbao ziko wapi, na askari aliyekuwa kizimbani akatazama dari. Bila mbao hakuna kesi. Mike akatoka anatabasamu. Ignatius naye alijua mbao ziko wapi, kwa maana asubuhi hiyohiyo alikuwa amekunywa chai kwenye kantini mpya ya kituo, akaegemea ukuta wake wa mbao, akaona zile alama nyekundu ambazo Mike alizipaka kwenye ncha za mbao zake. Lakini hakuna aliyemuuliza shahidi.

Amri ya mahakama ilisema gari lirudishwe kwa mwenyewe. Ilisema pia kwamba lisipochukuliwa kufikia Ijumaa jioni litapigwa mnada. Leo ilikuwa Ijumaa, saa nane kasoro, na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa msitu.

Alitambaa akatoka chini ya gari. Weldon alikuwa na mpango, na ulikuwa mpango wa maana. Nje ya geti, kando ya barabara, lilikuwa linangoja lori lenye bodi ya wazi. Liingie ndani, pikapu inyanyuliwe na winchi, ipandishwe, ipelekwe jua kali, kwenye karakana za mafundi. Kule Weldon angeikata chesisi yote iliyooza na kuichomelea vyuma vipya, kipande kwa kipande. Mwezi mmoja, miwili, pikapu ingerudi barabarani.

Walikwenda kumwambia Sajini Bramwel, msimamizi wa vielelezo. Alikuwa kijana wa nyumbani, wa huku huku, umri wa kifungua mimba wa Ignatius. Alikuwa anakula muwa, na mbele yake kulikuwa na kitabu kikubwa.

"Lori haliingii hapa bila ruhusa ya bosi," alisema.

"Bosi yuko wapi, afande?"

"Nairobi. Anarudi Jumatatu."

"Jumatatu gari itakuwa imeshauzwa."

"Sasa hiyo ni mimi, mzee?" Sajini alitema makapi ya muwa kwenye kiganja. "Wewe washa, toka. Ama haiwaki?"

"Inawaka. Weldon ameleta batri. Ile mliyo..." Ignatius alisita, akajisahihisha, "ile yangu haikuonekana. Lakini chesisi imeoza, afande. Ilioza hapa. Mliiwekea mbolea."

Sajini alikigeuza kile kitabu, akakisukuma mbele, akaweka kidole chenye utamu wa muwa chini ya mstari mmoja. "Weka sahihi hapa."

Ignatius alivaa miwani. Iliandikwa: Nimepokea gari langu likiwa zima na katika hali nzuri.

"Hii si kweli," alisema.

"Ndivyo inaandikwanga. Wote wanaweka."

"Niandike kando kwamba imeharibika?"

"Ukiandika kando, hujapokea. Kama hujapokea, iko kwetu. Kama iko kwetu saa kumi na moja ikifika, ni ya mnada. Na yule wa vyuma chakavu alishakuja kuiona jana. Mimi nakuambia kama baba yangu."

Kama baba yangu! Hasira ilimpanda Ignatius mpaka masikio yakawaka. Alitaka kukirusha kitabu kile kwenye tope, amshike huyu mtoto kola, amuulize ni baba gani anayefanyiwa hivi. Miaka mitatu ya koti la mazishi. Miaka mitatu Jescah, mke wake, amebeba ndizi kichwani mpaka soko la Khayega, magoti yamevimba kama viazi, akirudi anayakanda kwa maji ya moto bila kusema kitu. Leo asubuhi ndipo alisema. "Baba Abigail, hata kama ni usukani peke yake, leta. Usirudi tena na maneno."

Akaweka sahihi. Jina lilisomeka vizuri, kwa sababu alikuwa mtu wa ofisi.

"Hatua thelathini," Weldon alimnong'oneza walipokuwa wanafunga batri. "Nimezihesabu. Ukifika kwenye lami tu, lori linakushika. Kwenye tuta la geti pita kwa upande, gurudumu moja, halafu lingine. Usikanyage mafuta. Na mtu asipande. Hata kuku asipande."

Injini ilikohoa mara nne, ya tano ikashika. Moshi mweusi ulitoka, kisha ukawa wa kijivu, kisha ule mngurumo wa zamani ukatulia na Ignatius akajikuta anatabasamu mwenyewe, machozi yamemkaa karibu. Alikuwa bado hai, huyu mzee wa bluu. Aliweka gia ya kwanza. Pikapu ikajivuta kutoka kwenye mashimo ambayo magurudumu yake yalikuwa yamechimba, nyasi zikakatika.

Hatua kumi. Weldon alikuwa anatembea kando, amechuchumaa nusu, anatazama chini ya bodi. Hatua kumi na tano.

Ndipo nyuma ikazama kwa kishindo.

Ignatius alikanyaga breki, akageuka. Askari wawili walikuwa wameruka juu ya bodi. Mmoja alikuwa na gunia la mahindi, ameliangusha katikati, na sasa alikuwa analikalia.

"Twende, mzee," alisema. "Tuko njia moja. Utatuacha hapo Khayega."

"Wanangu, shukeni. Tafadhali. Gari imeoza chini."

"Sasa mzee unatunyima lifti? Sisi ndio tumekulindia gari miaka yote hii."

"Shukeni, nawaomba! Itavunjika!"

Weldon alikimbilia upande wao, akainua mikono, akawa anaeleza chuma ni nini na kutu ni nini. Walimtazama kama mtu anayehubiri sokoni. Kelele zikamtoa Sajini Bramwel mlangoni.

"Kuna nini?"

"Afande, waambie washuke," Ignatius alisema. "Chesisi haiwezi kuwabeba."

"Chesisi haiwezi?" Sajini alikuja akiwa amekibana kile kitabu kwapani. "Mzee, si umeandika hapa gari ni zima? Umeweka sahihi dakika kumi hazijaisha. Ama umeandikia serikali uongo?"

Hata Ignatius angesema nini? Ngumi ya maskini hugonga ukuta, na ukuta ule ulikuwa na kitabu.

"Na usizibe geti," Sajini aliongeza. "Gari ya doria inataka kuingia. Songa."

Kweli, nje kulikuwa na gari la doria linapiga honi. Ignatius alitazama barabara. Aliliona lori, aliiona winchi, alimwona dereva wa lori anampungia mkono. Hatua kumi na tano tu. Aliachia klachi pole pole, pole pole kama alivyofanya siku zote akiwa na jeneza nyuma. Gurudumu la mbele la kushoto likapanda tuta, likashuka. La kulia likapanda, likashuka. Lami ilikuwa chini yake. Akahema.

Gurudumu la nyuma la kushoto likapanda.

Halikuwa kishindo kikubwa. Ulikuwa mlio mkavu, kama muwa unaovunjiwa gotini. Kichwa cha pikapu kikainama mbele, bodi ikakatika kiunoni ikakaa chini kwenye tuta, na askari wawili, gunia, na mahindi yote vikamwagika getini. Mmoja aliinuka akicheka. Yule wa gunia aliangukia mkono, akabaki ameushika, anapiga kelele za kumtaja mama yake.

Weldon alikuwa amesimama na nyundo yake. Akaiangusha chini.

Mbele ya pikapu ilikuwa kwenye barabara ya umma. Nyuma yake, pamoja na ubao wa JASHO LANGU, ilikuwa ndani ya kituo. Sajini Bramwel alizunguka akaitazama pande zote mbili, akatoa kalamu sikioni, akafungua kitabu juu ya boneti.

"Kuendesha gari bovu kwenye barabara ya umma," alisema huku akiandika. "Kuhatarisha maisha ya maafisa wa polisi. Kuziba lango la kituo." Alifikiri kidogo. "Na kutoa habari za uongo kwa maandishi."

"Ulinilazimisha, afande."

"Nilikushika mkono?"

"Ilioza kwenu! Iliingia hapa ikiwa nzima, mkaiozesha nyinyi! Mbao mmejengea, mbolea mmepanda, batri mmekula, na bado hamjashiba?"

Watu wa barabarani walikuwa wamesimama. Wenye bodaboda walizima pikipiki zao. Mama mmoja mwenye karai la mboga alisema, "Woi, huyu si mwenye gari ya maiti?" Hakuna aliyeingia kati.

"Ongeza sauti, mzee," Sajini alisema taratibu. "Hiyo pia naandika."

Miaka mitatu Ignatius alikuwa shahidi. Leo alikuwa amepandishwa cheo.

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye kioo. Kutoka ndani ya kituo alikuja askari mmoja na mkebe wa rangi nyeupe na brashi. Alifika getini akasimama, akatazama kichwa kule, akatazama bodi huku.

"Afande, hiki ni kielelezo kimoja ama viwili?"

Sajini alijikuna shingo. Lilikuwa swali gumu, na alilifikiria kwa haki zaidi kuliko lolote alilokuwa ameulizwa siku ile. "Andika viwili," aliamua. "Visije vikachanganyika."

Weldon alikuja dirishani. "Shuka, mzee wangu. Shuka twende, tutafute wakili."

Ignatius hakushuka. Alikuwa ameinama juu ya usukani, ameukamata kwa mikono miwili, na sasa akaanza kuuvuta. Akauvuta kuelekea kifuani, akauzungusha, akauvuta tena, ameuma meno, mishipa imetoka shingoni. Nati ya katikati ilikuwa imeshikana na kutu. Katika gari zima lililooza, ilikuwa ndiyo kutu pekee iliyokataa kuachia.

"Mzee!" Sajini Bramwel alipiga mlango kwa kalamu. "Toa mikono hapo. Unaharibu kielelezo."

Ignatius aliendelea kuvuta. Yule askari wa rangi alichovya brashi, akasubiri kidogo mzee aondoe kiwiko kilichotokeza dirishani, akaona haondoi, akaanza kuandika namba mpya mlangoni, akikizunguka kile kiwiko.