Kumshusha Inkaew na Gari Lake

Saa mbili asubuhi Wichian aliegesha lori lake la kubebea magari mabovu kwenye kona ya tatu chini ya kijiji cha Pang Hin, akaweka mawe nyuma ya matairi, akashuka kulikagua gari alilotumwa kulichukua. Moshi wa mwezi wa tatu ulikuwa umetanda kaskazini yote ya Thailand, na jua lilikuwa jekundu tangu lilipochomoza. Pikapu ya kikosi cha kuzima moto wa msitu ilikuwa imeungua ubavu wa kushoto. Nyuma ya usukani alikaa dereva wake, Inkaew, aliyefariki siku kumi na mbili zilizopita. Mwili wake ulishachomwa hekaluni. Yeye mwenyewe alibaki garini, maana ofisi ya kikosi ilikuwa haijagonga muhuri kwenye kibali cha kulishusha.

"Umechelewa, kaka," alisema Inkaew.

"Ofisi hiyo. Mimi nimeitwa jana."

Mjane wake, Buakham, alikuwa amekuja na lori. Alimtazama mumewe dirishani, akamwambia amekonda. Machozi yalikuwa yamemkauka, na sasa alitaka kitu kimoja tu. Taarifa ya ofisi ilisema gari lilikuwa zima na dereva alizubaa mpaka moto ukamkuta, naye alitaka maneno hayo yafutwe. Inkaew hakuzubaa. Gia ziligoma akiwa mlimani, na alikuwa ameripoti gia hizo mara saba.

"Haziendi mbele, haziendi nyuma, wala huru haziingii," Inkaew alieleza. "Usiniburute tu."

Simu ya Wichian ililia. Alikuwa Thawat, katibu wa ofisi.

"Funga mnyororo, livute," alisema. "Nusu saa mko chini."

"Hili linasukumwa na magurudumu yote manne, mkuu. Yakizunguka njia nzima, gia boksi inasagika."

"Kwani si imeshakufa?"

Wichian alikuwa amevuta magari miaka ishirini, na alijua kwa nini mtu angetaka gia boksi ife mara mbili. Iliyosagika njiani haiwezi kusema ilianza kuharibika lini. Alisema ndiyo mkuu, akakata simu, akaingia chini ya gari na spana. Alifungua shafti ya nyuma na ya mbele, zinazounganisha gia boksi na magurudumu, akazifunga juu kwa waya zisining'inie, na magurudumu yakawa huru. Kisha akalivuta kwa winchi polepole mpaka likapanda lote mgongoni mwa lori, Inkaew akimsaidia kukata usukani. Akayakaza matairi manne kwa mikanda. Kazi ilimla saa nzima, na mgongo ukamuuma.

Njiani kulikuwa na madaraja saba. Kila daraja Wichian alipunguza mwendo, na Buakham akatoa kichwa dirishani, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Baba Noi, tunavuka daraja. Vuka na sisi."

Ndivyo wanavyofanya watu wa kule wanapomrudisha marehemu nyumbani. Asipoambiwa, hawezi kuvuka maji. Walivuka la kwanza, la pili na la tatu. Walipofika la nne Thawat alipiga tena, akadai kuzungumza na mjane, akamuuliza kwa nini anapoteza muda wa watu. Buakham alimjibu kwa hasira, maneno mengi yaliyomkaa moyoni siku kumi na mbili, na alipomaliza lori lilikuwa linapanda kilima kwa wepesi usio wa kawaida.

"Tumemwacha," alisema Wichian.

Barabara haikuwa na pa kugeuzia. Alirudi kinyumenyume kilomita nzima, akitukana taratibu. Inkaew alikuwa amesimama ng'ambo ya daraja, mikono kiunoni.

"Mlikuwa mnaongea na simu."

"Nilikuwa nakutetea wewe!" alifoka Buakham. "Haya, baba Noi, daraja hili hapa. Vuka, nimechoka."

Akavuka.

Gerejini, fundi Sanit aliifungua gia boksi mbele ya Thawat. Oili ilikuwa nyeusi na imejaa vumbi la chuma. Meno ya gia yalikuwa yamelika, na kutu juu ya mivunjiko yake ilikuwa ya miezi. Sanit aliandika yote aliyoyaona, akatia sahihi. Thawat alisoma, akashukuru kwa adabu, akasema taarifa ya kwanza ilishapelekwa juu na muhuri wake.

"Lakini sasa mnajua hakuzubaa," alisema Buakham.

"Tunajua, dada."

"Basi andikeni."

"Tulishaandika."

Thawat aliagiza gia boksi ifungwe vilevile, itiwe oili mpya, na ubavu wa kushoto upigwe rangi. Buakham alimchukua mumewe wakaenda nyumbani kwa miguu. Siku tatu Inkaew alikaa kwenye ngazi, akila mvuke wa wali wa kunata. Watu waliopita walimsalimu, wakamwambia pole, na kwenye daftari za ofisi akabaki mzembe.

Asubuhi ya nne alikuja kijana aitwaye Kampan, dereva mpya. Alivua viatu chini ya ngazi, akainama na viganja vimekutana.

"Kaka Inkaew, samahani. Juu ya Pang Hin kunawaka, na gari linagoma palepale. Nimeshawaambia mara mbili. Nimeambiwa niende hivyohivyo."

"Ukiweka gia ya chini kabla ya kona, linashika kidogo," alisema Inkaew. "Ila lazima ulisikilize."

"Mimi silisikii, kaka."

Inkaew alinyanyuka na kujipangusa majivu magotini. Buakham alimwona, akaingia jikoni. Alimfungashia Kampan wali kwenye jani la mgomba, akafunga na wa mumewe, akauliza zamu yao inaisha saa ngapi.

Kampan alisema hajaambiwa.