Mkono wa Bwana Taha

...na huo wepesi uko wapi, matembezi mepesi kwa watu wa rika zote, ndivyo alivyowaandikia wageni Nasreen kwenye simu yake, mjukuu hana haya huyu, yeye kakaa kivulini Siyu anabonyeza, na bibi yake yuko huku katikati ya mawe, goti limesema basi, mguu wa kulia umezama hadi kifundoni katika tundu la tumbawe, makalio yamekalia jiwe jingine lenye meno kama ya papa, na mabinti wawili wa Nairobi wanamzunguka Mwanamkisi kama kuku walioona kenge, "Shosho, jaribu tena, moja, mbili..." shosho ndio bibi kwao, na hiyo tatu haitakuja, mwanangu, tatu ilibaki na magoti ya ujana, tayari wamejaribu, Kwamboka mwenye sauti nene alishika kwapa la kushoto, Emily mwenye miwani akashika la kulia, wakavuta, wakacheka, Emily akateleza akakaa naye chini, mtandio ukamvuka Mwanamkisi kichwani ukaenda mabegani, mvi zote nje, na wala hajaurudisha kwa sababu mikono yote miwili imeegemea jiwe, akiachia mmoja ataanguka ubavu kama gunia... na hii ndia yenyewe aijua tangu anatumwa kuni, kutoka Siyu kwenda Shanga ni matembezi ya kula miwa, nti tambarare, hakuna mlima, hakuna mto, mawe tu na vichaka na mikoma, hata mbuzi huenda wamelala, asubuhi hii hii alikuwa mbele yao akiwaonyesha, hapa palichomwa chokaa, kule kuna kaburi la bibi aliyekataa kuolewa na sultani, na huyo bibi amemzua leo leo, nusu kweli nusu chumvi, wageni bila chumvi hawanogewi, sasa Mungu amemwekea jiwe, haya, zungumza tena... na si wangemwita mtu mwingine, watu hupita hapa, wakata makuti, wachunga mbuzi, wake waendao shamba, leo hapana hata kivuli cha mtu, leo amepita Taha tu na pundake, na Kwamboka na ile sauti, "Mzee! Mzee wa punda! Tusaidie, shosho ameanguka!" sijaanguka, nimeketi, mtu kuketi ni kuanguka siku hizi? lakini nani amsikie, punda ameshasimama, na Taha ameshashuka kwenye ndia, na fimbo yake, na kanzu iliyofuliwa mpaka ikawa rangi ya maji, "Sabalkheri, Bi Mwanamkisi," alisema, kama anavyosema siku zote, kama vile wamekutana mlangoni kwa kikongwe Bi Hadil, kisha akatazama mguu, akatazama tundu, akanyosha mkono na kuuliza, "Nikushike?" basi, neno moja, na mkono uko hapo hewani mbele ya uso wake mpaka sasa, na Kwamboka anasema, "Si umshike tu, mzee, kwani waogopa nini?" eti waogopa nini, wallahi watoto wa bara wana raha, mkono kwao ni mkono... ukiushika mkono huu, Mwanamkisi, umekwisha, Emily keshainua simu, anachukua picha za kumbukumbu, picha itaruka hadi kwa Nasreen, kutoka kwa Nasreen hadi kwa Bi Hadil, na kwa Bi Hadil ni sawa na kupiga adhana, kufika alasiri Siyu nzima itakuwa inasema hatimaye, hatimaye Mwanamkisi amemkubali nduguye... nduguye! neno hilo hajalitia kinywani tangu siku ile Bi Barka, mama yake Taha, alipoingia ukumbini kwao, posa ya Taha ishapokelewa, mahari yashasemwa, wanawake wanachambua mchele wa harusi, naye akasimama katikati na leso yake kifuani akasema, "Ndoa hii haramu, wawili hawa wamenyonya ziwa moja, ziwa langu," na mchele ukabaki kwenye sinia, na mwalimu akaitwa, akauliza kwa adabu, mara ngapi, mama, sheria yataka mara tano za kushiba, na Bi Barka bila kupepesa, "Tano, na ya sita akatapika," na nani wa kumkanusha, mama yake Mwanamkisi alikuwa keshazikwa, mtoto mchanga hakumbuki, na ziwa halina mdomo... Bi Hadil husema ilikuwa mara moja tu, mamako alikuwa na homa, Barka akakupa ziwa usilie kwa njaa, na lenyewe lilikuwa kavu, lakini Bi Hadil pia husema bahari ya Faza ina jini mwenye duka, sasa utashika lipi... alichokuwa akikitaka Bi Barka kila mtu alikijua, mpwawe wa Faza mwenye shamba la minazi, na alimpata, Taha akaozwa kabla mvua haijaisha, na Mwanamkisi akaozwa Hamdun, mtu mwema, alikoroma, Mungu amrehemu, na yule wa Faza Mungu amrehemu, na Bi Barka naye Mungu amrehemu, lakini kwake Asifanye haraka... na tangu siku ile Mwanamkisi akaapa, moyoni, hakumwambia mtu, kama ni ndugu yangu basi niketi naye kichwa wazi, nimpe mkono wa Idi, nimpikie akifiwa, sifanyi, nami nitajitanda mbele yake kama ninavyojitanda mbele ya mwanamume wa kuja, na akajitanda, miaka yote, watu wakacheka mpaka wakachoka, "Mwanamkisi, wamfichia nini nduguyo, nywele zako za dhahabu?" na yeye anawajibu, "Nina chawa, sitaki kumwambukiza," na kwenye matanga ya mkewe Taha, Mwanamkisi hakuketi na ndugu, aliketi huku mwisho na wageni, akala wali wa wageni, kwa sababu mtandio ule ndio mlango, aliuacha wazi kwa upana wa kidole, wala hakutarajia kupita mtu, aliuacha tu, ili usiku akilala ajue haukufungwa... na sasa wajane wote wawili, meno wamegawana, na mlango ule ule umeletwa huku maweni na kuwekwa mbele yake kwa sura ya mkono, shika, uinuke, uwe dada, au usishike, ukae juani mpaka goti livimbe kama fenesi, "Shosho, jua linakuwa kali, please," anasema Emily, mtoto ana huruma, ana maji ya chupa anamnywesha kama ndama, "Tukupigie simu nyumbani?" piga, mtandao hapa huja na kwenda kama mke wa pili, na hata wakija, nani atakuja, Nasreen na viatu vyake vya kisigino?... na yeye Taha hasemi, ndiyo desturi yake, hakusema siku ile pia, aliketi pale dakani, mlangoni mwa ukumbi, ameinama, mwanamume mzima, mamake anasema tano na yeye anahesabu vidole vya miguu, hilo ndilo hakumsamehe, ziwa alisamehe, kimya hakusamehe, na hata sasa, muangalie, mkono kanyosha lakini uso kaupa punda, anamtazama punda kana kwamba punda atamwambia neno, hata kumtazama mtu aliyeketi chini hawezi, nimekuwa mbaya kiasi hicho? ni mvi hizi? ni mguu huu kwenye tundu kama wa kuku aliyenaswa? basi toa mkono wako uende nao, Bwana Taha, utembee, utembee matembezi yako mepesi... na Kwamboka tena, hana breki, "Mzee, mkono wako una kidonda? Mbona umeufunga?" na Mwanamkisi akautazama mkono, maana mpaka hapo alikuwa hajautazama, alikuwa ameutazama ule wa zamani, na kweli, umefungwa, ameuzungushia ncha ya kilemba chake, kitambaa cheupe, mara moja, mara mbili, kikafunika kiganja na vidole vyote, pamebaki ukucha wa gumba tu, "Sina kidonda, mwanangu," alisema Taha, bado anazungumza na punda, "nimetawadha, nataka adhuhuri niisalie Shanga," na Emily akauliza, "Kutawadha ndio nini?" na Kwamboka akamwambia ni kunawa, kunawa kwa kusali, na wakaishia hapo, wao imewatosha... lakini ngoja, ngoja kidogo, jiwe hili, goti hili, ngojeni, anatawadha na kufunga mkono, kwani mkono hufungwa kwa ajili ya nini, mwanamume mwenye udhu akigusana na mwanamke awezaye kumuoa udhu wake huvunjika, mtoto wa chuo cha Kurani hujua hilo, lakini dadaye hauvunji, mamake hauvunji, aliyenyonya naye ziwa moja hauvunji, angemshika hivi hivi, mkono mtupu, akaenda akasali, mwalimu yeyote angemwambia... na uso aliugeuza lini, aliugeuza pale pale, mtandio ulipokuwa mabegani, ndugu hageuzi uso kwa nywele za nduguye, anageuza nani, anageuza yule ambaye... ee Mola wangu, na wewe pia? miaka yote hii, "Sabalkheri, Bi Mwanamkisi," Bi, siku zote Bi, hajasema dada hata siku moja, hata kwenye Idi, hata mbele ya mamake, Mwanamkisi alikuwa akihesabu mitandio yake mwenyewe na hakusikia ile Bi, na wewe, ulikuwa na mlango wako, na ukauacha wazi kwa kidole, na hukusema, na mimi sikusema, na Bi Hadil, ambaye hakuna habari iliyompita, hata ya kaa, hili halikumfikia... angecheka, Mwanamkisi, lau si goti angecheka mpaka mbuzi wakimbie, lakini wafanye nini nacho sasa, kitu kama hiki hupewa mtu akiwa na meno, si akiwa amenaswa kwenye tundu na wageni wanampiga picha, huwezi kukila, huwezi kukirudisha, hakuna wa kumwendea kumwambia nipe ile miaka... "Bi Mwanamkisi," alisema Taha, polepole, kwa punda, "mkono wachoka," na Kwamboka akacheka, na Emily akasema, "Shosho, uko tayari?" na jua liko pale pale juu ya mikoma, mguu uko kwenye tundu, mkono uko hewani ndani ya kitambaa chake cheupe, na Mwanamkisi, badala ya kuushika, akaachia jiwe kwa mkono mmoja, akayumba, ubavu ukalalia meno ya tumbawe, hakujali, akauokota mtandio mabegani, akaupandisha kichwani, akauvuta mbele hadi kwenye nyusi, akauweka sawa upande huu na upande huu, bila haraka, vizuri, kama ajitandavyo mwanamke mbele ya mwanamume ambaye si nduguye, akasema, "Ngoja basi, Bwana Taha, ngoja kidogo tu..."