Mateka wa Mwalimu Kunegunda

Kwa miaka miwili Mwalimu Kunegunda alikaimu nafasi ya Afisa Elimu Kata, na neno hilo "Kaimu" lilikuwa limemchosha kuliko kazi yenyewe. Alisimamia shule sita za pembezoni mwa Songea, akasuluhisha walimu, akasaini barua, na chini ya kila saini ikabidi aandike Kaimu, kana kwamba amekalia kiti cha kuazima. Sasa halmashauri ilikuwa ikitafuta afisa wa kudumu. Majina matatu yalikuwa mezani, lake likiwamo, na msimamizi wa usaili angepita kuwaona wote wakiwa kazini. Siku haikutajwa. Kunegunda hakumwambia mtu yeyote, lakini nafasi ile aliitaka mpaka chakula hakipiti.

Ijumaa moja alikuwa uwanjani mwa shule mojawapo na wazazi, wakipukuchua mahindi ya chakula cha mchana cha wanafunzi. Bodaboda ikasimama, akashuka mwanamume wa makamo, shati limejaa vumbi.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Nzuri tu. Umetokea wapi, ndugu yangu?"

"Nimetokea Iringa."

Basi. Mwambie Mngoni umetoka Iringa, yeye keshasikia Mhehe, na Mhehe ni mtani wake tangu vita vya mababu. Adabu zote huwekwa kando. Kunegunda alikuwa amejibana wiki nzima akimngojea huyo mkubwa wa usaili. Utani ulimtoka kabla hajafikiri.

"Kumbe Mhehe! Na umejileta mwenyewe bila kufungwa kamba? Babu zako tuliwakimbiza mpaka wakaacha vyungu jikoni."

Wazazi wakaangua kicheko. Mgeni akakitazama kiti cha plastiki kilichokuwa wazi.

"Usikitazame hicho. Mateka hapewi kiti, anapewa kazi. Kaa hapo kwa mama Oliva, upukuchue."

Akakaa. Alipukuchua vibaya, kidole gumba kikamchubuka, akaelekezwa, akachekwa. Wazazi waliendelea na mazungumzo yao: jinsi watoto walivyokuwa wakitoroka mchana kwa njaa, na jinsi siku hizi huwatoi shuleni hata kwa fimbo, jinsi mwalimu huyu anavyotembea kwa miguu hadi mashambani kumuulizia mtoto aliyekosa siku mbili. Saa nzima ikapita, debe likajaa. Ndipo mgeni akajipangusa mikono na kusimama.

"Naitwa Sixbert. Mimi ndiye msimamizi wa usaili. Na Iringa, mwalimu, nilifanya kazi tu miaka tisa. Mimi ni Mhaya wa Muleba."

Mhaya hana utani na Mngoni. Kumbe yote yale aliyoyasema Kunegunda yalikuwa matusi matupu, na amemtukana mtu mmoja tu ambaye hakupaswa kumtukana. Aliomba radhi mara tatu.

"Tutawasiliana," akasema Sixbert, akapanda bodaboda yake. Neno hilo bado halijamletea mtu habari njema.

Wiki mbili zilizofuata Kunegunda alijilaumu kila alipoona punje ya mahindi. Ulimi wangu umenifukuza kazi, alijiambia. Kisha Sixbert akarudi na bahasha. Safari hii kiti kilimngoja kivulini, Kunegunda amekifuta kwa kitenge chake mwenyewe. Mgeni hakukaa.

"Wenzako wote wawili walinipa kiti na soda, wakanifungulia mafaili," akasema. "Mafaili yalikuwa mazuri. Lakini kwako nilipewa kazi, nikakaa na wazazi saa nzima wala hakuna aliyejua mimi ni nani. Niliyoyasikia pale siwezi kuyapata kwenye faili."

Akampa bahasha. Kunegunda alisoma barua ya uteuzi, akairudia kulitafuta lile neno, hakuliona popote. Machozi yakamtoka na hakuyaficha. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa halali.

"Saini hapa kwamba umepokea, uandike na cheo."

Akasaini, na mkono, kwa mazoea ya miaka miwili, ukaandika Kaimu. Sixbert akachungulia.

"Hilo likate, mwalimu," akasema, huku akikunja mikono ya shati. "Halafu uniambie debe langu liko wapi. Sikumbuki kama mliniachia huru."