Mshale Unaotembea Wenyewe

...na mkono wangu haupo kwenye kipanya, mkono umeshika kikombe, basi mshale ule unasukumwa na nani, nimepiga simu nyumbani Waa kwa kompyuta ya ofisi hii ya hoteli, ruta, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta yangu na laini ya simu, ikaitika, ikaniuliza neno la siri, nikaandika hodi, uso wa kompyuta yangu ukajichora hapa Diani polepole, nilitaka tu menyu ya mchana niliyoisahau huko, na sasa mshale unaipita menyu, unafungua barua zangu... "Maweu, ndugu yangu, chai yako inapoa," anasema Chirau kutoka meza ya pili, Chirau aliyeniwekea ruta hiyo, aliyenicheka nilipochagua hodi, ati kwa neno hilo kila mpita njia ataingia, yeye analijua, yeye na wenzake wa pwani, ndiye, nilijua tu... lakini mikono ya Chirau inamenya chungwa, halafu laini ya simu ni moja na mimi ndiye niliyeikalia, hapiti mwingine, kwa hiyo huyu hakuingia kwa simu, huyu ameketi kwenye kiti changu, ndani ya nyumba niliyoifunga kwa kufuli, na Mbithe mke wangu yuko kazini Msambweni... anatafuta kitu, anaandika herufi moja moja, Lamadhani, kompyuta inajibu hakuna, Mungu wangu, mtu wa pwani hawezi kulikosea jina hilo, ni sisi Wakamba, ulimi wetu hauna r, mama yangu alikufa akimwomba Malia... ni Nzau, shemeji yangu, anayelala sebuleni kwetu tangu duka lake lichomwe Likoni mwaka jana katika fujo za kutufukuza sisi watu wa bara, anayeapa kila siku kwamba Ramadhani jirani yetu alikuwa kati ya waliochoma na kwamba akimpata atamkata, na siku ile ya fujo Ramadhani alikuwa mlangoni kwake, amemficha Mbithe, dada yake huyo huyo Nzau, chini ya kitanda, nimemwambia mara ngapi, hasikii, na mimi mjinga nimemwandikia Husna, mke wa Ramadhani, aliyekimbilia kwao Shimoni, nikataja yote, mumeo yu salama, Nzau hatampata, amejificha Kinango kwa rafiki yake Tsuma, nyuma ya soko la mbuzi... anaifuta L, anaandika R, barua inafunguka, nashika kipanya niifunge, mshale unakwama, tunavutana, laini nzito, kisha anaacha, chini ya barua herufi zinatokea, shemeji ni wewe, zinatokea nyingine, asante, kisha skrini nzima inakuwa nyeusi, ameizima... "Maweu, kwani umeona nini humo?" anauliza Chirau, ananinyooshea kipande cha chungwa, na mimi niliyekuwa namwogopa yeye sasa hivi, kikombe bado mkononi, natafuta jinsi ya kumwambia kwamba ninayemwogopa anakula ugali wa mke wangu, na ufunguo nilimpa mimi...