Muziki Unachezwa Kwingine

Kabla kile kiboksi hakijaletwa, sebule yetu ilikuwa kimya miaka minne. Amplifaya ilikuwepo juu ya meza, nimeifunika kitambaa cheupe nilichokifuma mwenyewe. Spika mbili nazo zilikuwepo, ndefu kunifika kiunoni, zimesimama huku na huku kama walinzi waliosahaulika zamuni. Mume wangu ndiye aliyezichonga, maana ni seremala, na mziwanda wetu ndiye aliyefunga nyaya za ndani. Huyo mziwanda tulimwita Masikio. Tangu akiwa mdogo aliweza kukuambia spika ya kushoto inakoroma kabla wewe hujasikia kitu.

Kila Jumamosi nilizifuta vumbi. Hazikulia.

Kisa chenyewe ni hiki. Mume wangu alikuwa na santuri mia mbili na ushei, za bendi za zamani za dansi. Masikio alizinakili zote kwenye kompyuta yake, kazi ya miezi mitano, anageuza upande huu, anageuza upande ule. Alipomaliza, sisi tulikuwa tumekwenda kuzika. Akaona amfurahishe baba yake kwa kulipaka kabati la santuri rangi mpya. Akazitoa zote, akazipanga uani ndani ya maboksi. Jua la siku mbili likazipinda. Tuliporudi, ukiinua moja, imejikunja kama jani kavu.

"Zimo zote humu, baba," Masikio alisema, ameikumbatia kompyuta. "Haijapotea hata moja."

Mume wangu hakufoka. Afadhali angefoka.

"Toka na hiyo kompyuta yako," alisema. "Na mguu wako usikanyage hapa mpaka nikuite mwenyewe."

Akatoka. Baba hakuita. Mwana akabadilisha namba ya simu. Baba jiwe, mwana kokoto, na mimi katikati nasagwa.

Kisha moyo wa mume wangu ukaanza kumsumbua. Daktari akamkataza randa na msumeno. Akawa mtu wa kukaa kitini tangu asubuhi, akizitazama spika zake. Binti yetu mkubwa alipokuja kutusalimu, hakuvumilia. Alituletea kile kiboksi cha muziki na kishikwambi chake cha zamani cha kukiongozea, akamwagiza fundi aje kukifunga, yeye akarudi kwake.

Kiboksi chenyewe hakikuzidi mche wa sabuni. Mume wangu alikigeuza geuza.

"Kinachozunguka kiko wapi?"

"Hakuna kinachozunguka, baba," alisema Fundi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni.

"Sasa muziki unatoka wapi?"

"Mtandaoni."

"Mtandaoni wapi? Hata maji ya bomba yana mahali yanakotoka."

"Baba, ukikalia kiti usichokichonga wewe, huwa unauliza mti ulikatwa wapi?"

"Nauliza!"

"Anauliza kweli," nikasema. "Tumeshawahi kufukuzwa harusini."

Fundi alicheka, lakini mikono yake haikusimama. Alikiweka kiboksi kando ya amplifaya, si juu yake, akasema juu pana joto. Akachomeka nyaya mbili nyuma, nyekundu kulia, nyeupe kushoto. Kisha akavuta waya mwingine kutoka kwenye ile ruta ya mtandao iliyo karibu na mlango, akaupitisha chini ya ukuta, akaupigilia vibanio kila baada ya shubiri mbili ili usimkwaze mzee. Waifai ingetosha, alisema, ila kuta zetu ni nene, muziki ungekuwa unakatikakatika.

"Sasa kipeni jina."

"Tukibatize?" mume wangu akauliza.

"Ili kionekane kwenye simu mjue ndicho."

"Andika Sebuleni. Kitu kiitwe mahali kilipo."

Ikabaki akaunti. Fundi akauliza kama tunayo ya muziki. Nikakumbuka lile daftari. Masikio alipokuwa hapa ndiye aliyekuwa fundi wa nyumba, na maneno yote ya siri aliyaandika kwenye daftari la shule ambalo nalitunza kwenye droo, chini ya vijiko vya wageni. La ruta, la mita ya umeme, yote. Ukurasa wa mwisho aliandika "Muziki", na chini yake ile namba yake ya simu ya zamani, na neno la siri. Nililitoa kwa mkono wangu huu. Fundi akaandika, kikakubali.

Sauti ilipotoka nilishika ukuta. Mume wangu alifumba macho. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa mkono wa kiti kama anayekagua ubao uliopigwa randa.

"Besi imekaa," alisema. Kwa miaka minne hakuwahi kusema kitu kimekaa.

Siku ya pili, saa kumi na moja jioni, wimbo ukakatika katikati. Kishikwambi kikaandika: *Muziki unachezwa kwingine.* Mume wangu akabonyeza, ukarudi. Dakika moja, ukakatika tena. Akabonyeza. Ukakatika. Ilikuwa kama watoto wawili na shuka moja, huyu anavuta, yule anavuta. Kesho yake vilevile, saa ileile. Keshokutwa vilevile.

"Fundi wako huyo kaharibu," alisema.

"Fundi wangu tena? Si alikuwa wako besi ilipokaa?"

Nilimpigia Fundi. Alipofika, mume wangu alikuwa amejilaza chumbani. Fundi alikishika kishikwambi, akasoma, kisha akashusha sauti.

"Mama, akaunti hii ina mtu mwingine. Anaitumia sasa hivi. Tukicheza sisi, kwake kunazimika. Akicheza yeye, kwetu kunazimika."

"Nani?"

Akanionyesha kwa kidole. Mimi husoma polepole, lakini hilo sikulisoma polepole. *Simu ya Masikio.*

Nilikaa sakafuni, pale pale penye vibanio vya waya.

"Yuko hai," nikasema.

Fundi alinisubiri ninyamaze kulia, akaniletea maji, nikamweleza. Nikamuuliza kama naweza kumwandikia humo. Akasema humo hamna pa kuandika barua, ni muziki tu. Na ile namba iliyofungulia akaunti ni ile ya zamani, iliyokufa.

"Nitawafungulia akaunti yenu wenyewe, mama. Dakika tano. Baba hatakatiwa tena."

"Usiguse."

"Atakatiwa kila siku."

"Akatiwe."

Alinitazama, akafunga begi lake la vifaa.

Nilikaa na jambo hilo siku kumi na moja. Kila saa kumi na moja jioni, muziki ulipokatika, mume wangu aliumia na mimi nikashukuru. Nilijua mwanangu ametoka kazini. Nilijua ana masikio bado, ana vidole, ana mahali pa kukaa. Siku moja alichelewa nusu saa nikaunguza sufuria. Lakini mume wangu alikuwa anakwisha. Alibonyeza mara tatu, mara nne, halafu akakiweka kishikwambi kifudifudi mapajani.

"Hata hiki kinanifukuza," alisema. Jioni hiyo hakula.

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, la daftari, la jina, na la kumzuia Fundi. Nilidhani atanigeuzia mgongo. Alikwaruza rangi ya mkono wa kiti kwa ukucha.

"Anasikiliza nini?" aliuliza.

Sikuwa nimewahi kufikiria kutazama. Nikakigeuza kishikwambi. Jina la wimbo lilikuwepo, na la bendi. Nikamsomea.

"Soma za kabla yake."

Nikasoma zilizochezwa na simu yake. Wa jana, wa juzi, wa juma lililopita. Zilikuwa zile zile za kwenye santuri, mpaka ule ambao mume wangu aliuwekea alama ya msalaba kwa penseli ya useremala kwenye jalada lake.

"Zile zile," alisema.

"Zile zile."

"Na kwenye kompyuta anazo. Mbona azitafute tena huku?"

"Kompyuta nazo hufa, mume wangu."

Tangu siku hiyo hakubonyeza tena saa kumi na moja ikifika. Aliacha amplifaya inawaka, spika kimya, nami nikaketi kwenye kigoda namsomea mwanetu anasikiliza nini. Yeye alizijua nyimbo hizo kwa urefu wake. Alikuwa akifumba macho, nyumba nzima husikii hata nzi, halafu anainua kidole: "Sasa tarumbeta imeingia." Baadaye kidogo: "Sasa wanaitikia." Na kweli, kidole kikishuka, jina la wimbo linabadilika. Sikuwahi kuiona sebule ya watu wawili wanaosikiliza spika zisizolia. Jirani angetuchungulia dirishani angetupeleka hospitali.

Tulikaa hivyo majuma matatu. Kisha siku moja, akinyoa ndevu, akaniita.

"Mama watoto. Lile jina la kiboksi hubadilishwa?"

"Sijui. Labda."

"Mwite Fundi."

Fundi alikuja kabla ya saa kumi na moja. Mume wangu alikuwa amevaa shati la kola, amekaa wima.

"Nikibonyeza hapa," alimuuliza, "yule kule anaona nini?"

"Muziki wake unasimama, na simu inamwandikia unachezwa wapi. Anaona Sebuleni."

"Kumbe siku zote ameona Sebuleni."

"Ndiyo, baba."

"Basi amejua ni mimi. Ananinyang'anya akijua ni mimi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayepima ubao. "Futa hilo. Andika: Baba anakuita."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi ingawa haikuwa na kitu. Akaandika. Herufi moja moja, nikaziona zikijipanga.

Saa kumi na moja na dakika saba jina la wimbo likatokea. Masikio ameanza. Mume wangu alisubiri mpaka tarumbeta ilipopaswa kuingia, ndipo akabonyeza, mara moja tu.

Sauti ikatoka kwa kishindo, wimbo ukiwa katikati. Tulikikodolea macho kishikwambi tukisubiri kunyang'anywa. Dakika moja. Mbili. Waitikiaji wakaitikia. Wimbo ukafika mwisho wake, ukaanza mwingine, nao ukafika mwisho.

"Ameona," nikasema.

"Ameona," alisema mume wangu. Akaguna kama mtu aliyetua gunia.

Kesho yake nilifungua madirisha ya chumba cha Masikio. Nilitoa godoro juani, nikatandika shuka lenye mistari ya buluu alilolipenda, nikaondoa cherehani niliyokuwa nimeihamishia humo. Mume wangu alitia mafuta bawaba za geti, daktari asijue. Saa kumi na moja muziki ulicheza bila kukatika. Keshokutwa pia. Kila gari lililopunguza mwendo nje, mume wangu aliinuka nusu, kisha akajifanya alikuwa anajiweka sawa.

Siku ya tano muziki haukukatika. Siku ya saba haukukatika. Nilitikisa vumbi kwenye shuka ambalo halijalaliwa.

Siku ya tisa Fundi alipita mwenyewe kutujulia hali. Mume wangu alimpa kishikwambi. Fundi alitafuta, akarudi nyuma, akatafuta tena. Wimbo ulikuwa unaendelea, mzuri, umetulia.

"Simu yake haimo tena," alisema.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Hapana, mama. Ametoka mwenyewe. Ni jioni ile ile baba alipobonyeza." Kisha akaongeza taratibu, kama anayenitia dawa kwenye kidonda. "Akaunti ni yake. Angetaka, angebadilisha neno la siri akatutoa sisi. Hakutaka. Kawaachia nyinyi, akatoka yeye."

Nilifikiria mtu anayempisha mzee kiti kwa adabu zote, halafu, mzee akimgeukia amshukuru, anakuta ameshatoka nje. Mume wangu alikuwa anatazama spika zake, moja, kisha ya pili, kama ndiyo kwanza ameona moja imechongwa vibaya.

"Nikirudishie jina la zamani?" Fundi aliuliza.

"Liache."

Tarumbeta ikaingia. Mume wangu hakuinua kidole. Nilinyanyuka nipunguze sauti, kwa vile niliona uso wake, akanizuia kwa mkono.

"Bora alipokuwa akininyang'anya," alisema.

Fundi aliaga. Nilimsindikiza mpaka getini, na geti halikulia hata kidogo. Nilipokuwa narudi niliusikia wimbo tangu uani, unacheza mpaka mwisho, kisha unaanza mwingine, hakuna wa kuukata.