Kituo Kisicho na Abiria

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu mwenyewe, Alhamisi iliyopita baada ya chakula cha mchana, yeye amejinyoosha kitandani kwangu, mimi nashona kifungo. Nayaandika mapema, maana kichwa changu siku hizi kinavuja.

Kazi yake ni ofisi ya usafiri wa mji. Wana chumba ambamo wamejenga mji mzima ndani ya kompyuta: mabasi, treni ya umeme, vituo, hata watu, vinukta vidogo kama ufuta. Wakitaka kuhamisha basi hulihamisha humo kwanza, waone nani atawahi na nani atachelewa. Hesabu za kuulisha mji huo hutoka barabarani. Mjukuu wangu alikuwa akisimama vituoni na fomu, anaandika waliopanda na walioshuka.

Kituo cha karibu na kwao kikamkera. Kila basi linafika limeshajaa, linapita bila kusimama. Waliopanda, sifuri. Na watu wamejaa pale tele, mama yake mzazi akiwa mmoja wao, anakwenda kufua mashuka hospitalini. Mtoto akaandika pembeni ya fomu: waliobaki, hamsini na watatu.

Mkubwa wao wanamwita Bwana Rula, kwa kupenda kunyoosha mistari kwenye ramani. Akayafuta yale ya pembeni.

"Fomu ina safu mbili," akasema. "Asiyepanda hatumhesabu."

"Lakini wapo, bosi."

"Kwenye kompyuta hawapo."

Mjukuu wangu alipobisha mbele za watu, akatolewa chumbani, akapelekwa stoo kupanga mabango mabovu. Miezi kumi na minne. Na kile kituo kikatiwa kwenye orodha ya vituo vya kufutwa, eti hakina abiria.

Siku zile nilimwambia, "Mke mwenzangu, nyamaza kwanza. Mweke moyoni."

"Nimemweka, Bibi. Simtoi."

Ikafika zamu ya Bwana Rula kusoma mpango wake wa kufuta vituo mbele ya wakurugenzi. Mkurugenzi mkuu, mama mmoja mkali, akaagiza kila msomaji siku hiyo aje kwa basi, kutoka kituo atakachopangiwa. Nani apange? Yule wa stoo, hana kazi nyingi.

Hapo niliacha sindano.

Bwana Rula akamfuata stoo. "Umenipangia kituo kile cha kwenu makusudi."

"Kituo hakina watu, bosi. Utachagua kiti cha dirishani."

"Na nikichelewa?"

"Mpango wako unasema dakika kumi na tisa mpaka hapa ofisini."

Basi siku ya kikao, saa moja na nusu asubuhi, bwana mkubwa kasimama pale na mkoba wake. Mama mtu yuko papo hapo, na kila basi likipita anampigia mwanawe simu. La kwanza limepita. La tatu limepita. La tano kalikimbilia, kalipiga ubavuni kwa kiganja, na wafuaji wenzake yule mama wanamwambia, "Baba, hilo halina masikio. Sisi tuna mwaka wa pili hapa." Teksi huko haziingii. La saba lilipopita akavua koti, akaenda kwa miguu.

Kikao kilikuwa saa tatu. Yeye kaingia saa nne na robo, shati limemganda mgongoni, anasema mabasi hayasimami. Mjukuu wangu, maana ndiye aliyepewa pia kuandika safari za wasomaji, akainuka kule nyuma na fomu.

"Samahani, nijaze. Ulipanda basi?"

"Sikupanda."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Sasa nikuandike wapi, bosi? Safu ni mbili."

Mtu mmoja akacheka puani. Mkurugenzi hakucheka. Akauliza, "Uliwaacha wangapi pale?"

"Sitini hivi."

"Sema kwa sauti, aandike."

Akasema. Akarudishwa kusema tena, ili wa nyuma wasikie. Kituo kikatolewa kwenye orodha siku hiyo hiyo, mjukuu wangu akarudishiwa meza yake, na Bwana Rula akapewa fomu mpya zenye safu tatu, akasimame palepale mwezi mzima.

"Umeridhika?" nikamuuliza.

"Bado. Kesho nitapita na gari la ofisi nimpungie mkono."

Mimi mtu mzima ningepaswa kumkanya. Nikasema, "Mpungie mara mbili, moja yangu."

Akacheka sana, amejifunika uso kwa mto. Kicheko kikapungua, kikawa pumzi. Nilipogeuka kumwuliza huyo bwana alivaa viatu gani siku hiyo, alikuwa ameshalala.