Dishi Lililochoka Kuanikiwa Mashuka

Usiku wa kuamkia leo niliota niko juu ya bati, nimeshika dishi letu kwa mikono miwili, nalo linanitazama.

Ndani, Shangazi Kashinje amekaa mbele ya runinga. Dada yangu Milembe ni golikipa wa timu ya mkoa, na mechi yake ndiyo inaanza. Alituambia asipojua kama tunamtazama, mikono inamtetemeka. Kwenye kioo hakuna Milembe, kuna chenga tupu.

"Bado!" Shangazi anapiga kelele.

Fundi aliyetufungia alisema dishi halitaki papara: unasogeza upana wa kidole kimoja, unangoja, unasogeza tena. Basi nikasogeza kidole kimoja. Dishi halikusogea. Nyumba ndiyo iliyosogea.

Nikasogeza tena. Mtaa mzima ukazunguka. Jirani yetu Mama Ngolo akapita mbele yangu na karai lake la maandazi, na mafuta hayakumwagika hata tone.

"Unatupeleka wapi, Nyamizi?"

"Kwenye mawimbi, mama."

"Haya. Tukifika sokoni unishushe, unga umeniishia."

"Umezidisha! Rudisha kidogo!" Shangazi akaita.

Nikarudisha. Mama Ngolo akapita tena, safari hii anakaanga kinyumenyume. Maandazi yanaingia yameiva, yanatoka unga mbichi. Akashukuru, hana tena haja ya soko.

"Shika hapo hapo!"

Kila kitu kikashika hapo hapo. Jogoo akabaki hewani, mguu mmoja mbele. Tuliobaki na midomo ya kusemea ni mimi na dishi.

"Shangazi yako anasingizia upepo," dishi likasema. "Upepo gani? Hebu itazame shingo yangu."

Nikatazama. Kamba ya kuanikia nguo imefungwa kwenye nguzo yake. Niliifunga mimi mwenyewe Jumamosi, nikaanika mashuka manne yanayochuruzika maji, na sikumwambia mtu.

"Nisamehe," nikasema.

"Sina kinyongo. Ila mimi sioni mpira, naona mgomba wa Mama Ngolo. Panda ukamweleze mwenyewe aliye juu."

Kamba ile ile ilikuwa imenyooka kwenda mawinguni, na vibanio vya nguo vimepangwa kama ngazi. Nikapanda.

Setilaiti amekaa kwenye kigoda, anachambua chaneli kwenye ungo. Taarifa za habari huku, tamthilia kule, matangazo ya sabuni anawatupia kuku.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unatoka nyuzi ngapi?"

"Natoka Nzega."

"Ahaa. Huko mmepinda. Mimi sihami, mwanangu, kigoda changu ni hiki hiki. Ninyi ndio mnanitazama kwa pembeni kama mnanidai."

"Ni mashuka, sitarudia. Naomba tumwone Milembe, na yeye ajue tunamwona."

"Kuwaonyesha naweza. Yeye atajuaje?"

Nikachomoa kibanio kimoja cha kijani, kile ambacho mbuzi alikitafuna sikio. "Mpe hiki. Atakijua."

Akakigeuzageuza. "Kazi yangu ni kuteremsha picha. Mizigo sijawahi kubeba." Akakipima kiganjani, kisha akakiweka kwenye ungo, upande wa michezo. "Haya. Shuka ukafungue kamba."

Nikateremka, nikafungua fundo. Dishi likanyoosha shingo, likapiga mwayo. Jogoo akatua.

"Hapo hapo! Usiguse!" Shangazi akalia kwa furaha, nami nikaamka.

Kulipokucha nilitoka nje kimya kimya, nikaihamishia kamba kwenye mpapai. Nikavihesabu vibanio. Jana vilikuwa kumi na viwili, leo ni kumi na kimoja. Dishi nililigeuza upana wa kidole kimoja, nikangoja. Shangazi aliita kutoka ndani kwamba upepo umetulia.

Saa kumi alasiri, saa ya mechi yenyewe, tukakaa mbele ya runinga. Picha safi, mpaka majani ya uwanjani yanahesabika. Milembe akatoka, akasimama golini, akainama kugusa soksi yake ya kushoto, akacheka peke yake. Mpira wa kwanza ukaja kwa kasi, akaruka, akaudaka. Mikono haikutetemeka.

"Mtazame huyu mtoto!" Shangazi akasema. "Timu ya mkoa nzima, soksi kaibana na kibanio cha nguo!"

Nikasogea karibu na kioo. Kilikuwa cha kijani, sikio moja limetafunwa.